Maji ya bomba au ya chupa? Namna ya kunywa maji salama ukiwa Mtwara na Lindi

Mvua zikianza tu na mtoto mmoja mtaani akaharisha, swali linarudi pale pale, tununue maji ya chupa au tuendelee na ya bomba? Majibu yanagawanyika hapo hapo, huyu anakwambia bomba ni taifodi tupu, yule anakwambia chupa ni plastiki inaleta kansa, aliyeuliza anabaki na dumu lake bila kujua afanye nini. Mi nasema moja kwa moja, kwa nyumba nyingi za huku kwetu ile hela ya katoni za maji ukiipeleka kwenye ndoo ya koki, vidonge vya kutibu maji na sabuni ya kuoshea madumu unapata usalama mkubwa kuliko ukinunua chupa, kwa sababu maji mengi huku hayaharibikii kwenye chanzo, yanaharibikia njiani kati ya bomba na kikombe. Chupa nayo ina mahali pake, nitafika huko.

Kwanza jua unachokunywa kinatoka wapi. Mtwara mjini maji ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya mji, yanatoka visima virefu, Mtawanya ndio eneo kubwa. Lindi mjini LUWASA, mamlaka ya kule, wana visima vya Ng'apa. Masasi na Nachingwea wanakunywa ya chanzo cha Mbwinji. Newala na Tandahimba maji yanasukumwa kutoka Mitema bondeni mpaka juu ya uwanda wa Makonde, mlima ule unaujua, ndio maana kule yanakuja kwa zamu na nyumba nyingi bado zina birika la maji ya mvua uani. Maji ya kisima kirefu yamechujwa na udongo kabla hayajafika kwenye pampu kwa hiyo vijidudu ni vichache ukilinganisha na ya mto au bwawa, halafu mamlaka inaweka klorini. Ile harufu ya dawa ambayo watu wanaikimbia na wengine wanamwaga kabisa, jamani msiyamwage, harufu hiyo ndio inakwambia kuna dawa bado inafanya kazi ndani ya maji. Kiwango cha kawaida bombani ni kama miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 5 kwa lita, ambapo hata mtu akinywa maisha yake yote hayamdhuru. Kama harufu inakukera weka maji kwenye jagi lililofunikwa kitambaa safi, acha kidogo, itapungua yenyewe.

Shida ya bomba letu ni zamu. Maji yakikatika presha ndani ya bomba inashuka, sasa pale penye ufa au maungio yaliyolegea, maji machafu ya nje, ya mfereji, ya choo kilichojaa, yanaweza kunyonywa yakaingia ndani. Yakirudi yale ya kwanza ndio yanakuja na rangi ya udongo na hayo mengine yote usiyoyaona. Kwa hiyo yakirudi usikinge ya kunywa fasta fasta. Kinga ndoo mbili tatu za mwanzo za kudekia na choo, subiri yatakate kabisa ndio ujaze dumu la kunywa, na siku hiyo hata kama yanaonekana meupe yatibu. Na ukiona bomba linavuja mtaani kwenu karibu na mtaro piga simu mamlaka, usiseme watu wengine watapiga, maana tundu hilo hilo linalomwaga maji nje ndilo linaloingiza uchafu ndani.

DUMU

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo watu wanapougulia. Chukua dumu lako la lita 20 la kunywa sasa hivi, limwage, halafu ingiza vidole viwili mdomoni mwake upapase ukingo wa ndani chini ya kifuniko. Ukikuta utelezi, kile kitu kama ute, hao ni bakteria wamejijengea makazi, na wakishajenga hawatoki kwa kusuuza na maji matupu hata usuuze mara kumi. Maji unaweza kuyakinga safi kabisa na yenye dawa, ukiyamwaga humo klorini inaishia kupigana na huo ute na baada ya saa chache umebaki na maji yasiyo na ulinzi.

Kuliosha ni hivi. Tia kokoto ndogo safi au mchanga mkavu mkavu viganja viwili, sabuni ya unga kidogo, maji kama lita mbili, funga kifuniko, tikisa kwa nguvu upande upande na kichwa chini mpaka mkono uchoke, hata watoto wanaipenda kazi hii. Mwaga, suuza mpaka povu liishe. Halafu weka maji, tia dawa ya kutibu maji mara mbili ya kipimo cha kawaida, tikisa maji yaguse kila kona, acha nusu saa, mwaga. Kifuniko usikisahau, kile kipira cha ndani kitoe ukisugue na mswaki wa zamani. Fanya hivi kila wiki kwa dumu la kunywa tu, na dumu la kunywa liwe na alama, funga hata kitambaa chekundu kwenye mpini, lisije likatumika kubebea mafuta ya taa au kuchanganyia dawa za korosho. Dumu lililowahi kubeba salfa au dawa ya kupulizia mikorosho, hata ulioshe mwaka mzima, halirudi kuwa la maji ya kunywa. Litoe nje ya nyumba.

Na kata ya kuchotea. Ndoo iliyofunikwa vizuri lakini kila anayekuja anachota kwa kikombe chake na vidole vinne ndani ya maji, hiyo haijafunikwa. Ndio maana nasema ndoo ya koki. Fundi wa mabomba yeyote atakutobolea ndoo ya lita 20 yenye kifuniko na kukufungia koki ya plastiki, tundu liwe juu kidogo ya kitako ili mashapo yabaki chini, iweke juu ya stuli, mkono hauingii tena. Katika hii makala yote kama una uwezo wa kufanya jambo moja tu fanya hili.

Simtanki ni mada ya dumu hilo hilo ila kubwa. Lifunike, lisipitishe mwanga maana mwanga unaotesha ule ukijani, lisafishe angalau mara mbili kwa mwaka, na ujue klorini inapungua kila siku maji yanapokaa, kwa hiyo maji ya tanki la wiki mbili usiyahesabu kama ya bomba, yahesabu kama ya kisima. Boza vile vile, muulize dereva amejazia wapi, na yatibu hata akikujibu vizuri.

KUTIBU

Yakiwa na tope chuja kwanza kabla ya kitu kingine chochote, maana dawa inaishia kwenye uchafu na vijidudu vinajificha humo. Kanga kuukuu iliyofuliwa, ikunje mara nne, funga mdomoni mwa ndoo, mimina taratibu. Kuukuu ni nzuri kuliko mpya kwa sababu nyuzi zimelegea na kujaa matundu yanabana. Hili sio la kubuni, kuna utafiti wa Bangladesh ulitoka 2003, akina mama kule walichuja maji kwa sari za zamani zilizokunjwa hivyo hivyo na kipindupindu kikapungua karibu nusu. Nusu sio yote lakini, kwa hiyo baada ya kuchuja endelea.

Kuchemsha kunaua vyote, bakteria, virusi, amiba. Ila watu wanachoma mkaa bure, mtu anachemsha robo saa mpaka maji yanapungua sufuriani. Yakishatokota yale mapovu makubwa ya kupinduka, dakika moja inatosha, funika, yapoe humo humo. Usiyamimine kwenye chombo kingine kisichosafishwa yakiwa ya vuguvugu ukadhani joto litasafisha, halisafishi, na maji yaliyochemshwa hayana dawa ya kuyalinda tena kwa hiyo yakichafuliwa mara moja yamechafuka. Kunywa ndani ya siku moja mbili.

Vidonge au dawa ya maji, WaterGuard na mfano wake, ziko famasi na maduka mengi. Soma paketi kwanza, kwa sababu kuna vidonge vya ukubwa tofauti, vile vilivyozoeleka kimoja ni cha dumu la lita 20. Tia, funga, tikisa, subiri dakika 30 ndio unywe. Nusu saa hiyo usiikate hata kama mtoto analia kiu, dawa inahitaji muda kuua. Faida yake kubwa kuliko kuchemsha ni kwamba inabaki ndani ya maji ikiyalinda, na mkaa hautumii.

Jua letu nalo ni dawa na ni la bure. Chupa ya plastiki angavu isiyo na rangi, isizidi lita mbili, isiyo na mikwaruzo mingi, jaza maji meupe, ilaze juu ya bati tangu asubuhi, masaa sita ya jua kali, au siku mbili mfululizo kama kuna mawingu, siku ya mvua ya kutwa hapana. Kujua kama maji ni meupe vya kutosha simamisha chupa juu ya gazeti, angalia kwa juu kupitia mdomo wake, kichwa cha habari kikisomeka sawa, kisiposomeka chuja tena. Najua kuna mtu anajiandaa kuuliza si tunaambiwa chupa zisikae juani? Hapo ni kuhusu chupa kukaa kwenye joto wiki na miezi. Masaa sita yamepimwa sana na kinachotoka kwenye plastiki ni kidogo mno chini ya viwango, wakati kuhara kunaweza kummaliza mtoto ndani ya siku moja.

Sasa jambo ambalo watu wa Mikindani, Kilwa na ukanda wote wa ufukweni wanalijua kwa ulimi. Maji ya chumvi hayatibiki kwa hizi njia zote. Kuchemsha kunaongeza chumvi maana maji yanaondoka mvuke na chumvi inabaki sufuriani, kidonge hakigusi chumvi, kanga haigusi chumvi. Kama kisima chenu sabuni haitoi povu na chai ina ladha, kitumie kufulia na kuogea, ya kunywa tafuta bomba au ya mvua. Hasa mwenye presha na mama mjamzito, pwani ya Bangladesh ambako nako bahari inaingia visimani watafiti wamehusisha maji ya chumvi na presha kupanda kwa wajawazito.

MAJI YA MVUA

Wana Newala na Tandahimba, nyie mnajua kuvuna mvua kuliko mtu yeyote wa tambarare. Nakumbusha kitu kimoja. Kiangazi chote mikorosho inapulizwa salfa na dawa nyingine za majimaji, vumbi lake linatua pia juu ya bati, na kuna vinyesi vya ndege na majani. Mvua za kwanza mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili zinaosha yote hayo. Kwa hiyo bomba linaloingia kwenye birika litoe, mvua ya kwanza iende shambani, hata ya pili kama ya kwanza ilikuwa manyunyu, bati likishatakata ndio urudishe. Weka wavu mdomoni, birika lifunikwe mbu wasizaliane, na teka kwa pampu au ndoo moja maalumu yenye kamba inayotundikwa, isilazwe chini.

CHUPA

Maji ya chupa yaliyotengenezwa vizuri ni salama, sitaki mtu aogope kunywa chupa akiwa safarini. Basi la Dar linapita Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, mchana kutwa jua kali, utakunywa nini? Nunua chupa. Ila ifike kichwani kwamba kiwanda kikubwa hakimaanishi chemchemi ya milimani. Uingereza mwaka 2004 Coca-Cola waliondoa sokoni karibu chupa laki tano za Dasani baada ya kukutwa na kemikali ya bromati juu ya kiwango kinachoruhusiwa, na maji yenyewe yalianzia kwenye bomba la kawaida la Sidcup, pembeni ya London, bromati ikatokea wakati wa kuyasafisha. Chupa ni maji yaliyotoka mahali, yakatibiwa, yakafungwa, na ubora wake ni ubora wa aliyefunga na aliyehifadhi.

Ukinunua angalia alama ya TBS, shirika la viwango, jina na mahali kilipo kiwanda, namba ya toleo, tarehe ya kwisha. Zamani watu walitegemea ile nailoni inayobana kizibo, ilipigwa marufuku kwa sababu ya mazingira, kwa hiyo sasa jicho liende kwenye ile pete ya plastiki chini ya kizibo. Shika chupa, zungusha kizibo taratibu karibu na sikio, lazima usikie na uhisi vile vishikizo vidogo vinakatika kimoja kimoja na pete inabaki shingoni. Kizibo kikizunguka laini bila kukatika kitu, au pete imeshaachana, au imegundishwa, hiyo imefunguliwa na kujazwa, irudishe hata kama gari linaondoka. Pindua kichwa chini utazame kwenye mwanga kama kuna vitu vinaelea. Na ukimaliza kunywa iponde au toboa ndio utupe, usimwachie mtu chupa nzima yenye kizibo chake.

Halafu angalia ilipokuwa. Katoni zimepangwa nje ya duka jua linazichoma tangu asubuhi, au zimekaa buti la gari, hizo ziache, joto na muda vinaongeza vitu vinavyotoka kwenye plastiki kuja kwenye maji, kemikali ya antimoni ni mojawapo. Mbaya zaidi ni katoni za maji kuwekwa stoo moja na petroli, rangi, mafuta ya taa au pembejeo za korosho, plastiki hiyo inapitisha harufu na mvuke taratibu hata kama haijafunguliwa. Maji yenye harufu yoyote usiyamalize kwa kuwa umeshayalipia.

Kuhusu maikroplastiki, vile vipande vidogo mno vya plastiki, ndio vimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia Marekani walitoa kazi yao Januari 2024, wakakuta wastani wa vipande kama 240,000 kwa lita moja ya maji ya chupa, vingi vyake vidogo kupita kiasi, havionekani hata kwa darubini za kawaida. Nini vinafanya mwilini wanasayansi bado wanachunguza. Kwangu hiyo ni sababu ya kutofanya chupa kuwa maji ya kila siku wakati una njia nyingine, sio sababu ya kushinda na kiu.

Na gharama, hapa ndipo roho yangu inauma nikiona mtu wa kipato kidogo anajibana anunue katoni. Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Ukitaka lita hizo kwa chupa za lita moja na nusu ni chupa kama 667, kwa buku kila moja ni zaidi ya laki sita na nusu. Chukua bili yako uone uniti moja umelipa shilingi ngapi. Nyumba ya watu watano wakinywa lita mbili mbili kwa siku ni kama laki mbili kwa mwezi kwa chupa tupu, wakati vidonge vya mwezi, ndoo ya koki na fundi wake havifiki huko hata kwa mbali. Yale madumu makubwa ya dispensa yana nafuu kidogo ila dispensa yenyewe ikioshwa mara moja kwa mwaka inaota ute ule ule wa dumu.

Na usitegemee chupa pekee hata kama hela unayo. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar pale Somanga na maeneo ya jirani, na kipindi kama hicho ndicho visima vinaingiwa na mafuriko. Paketi mbili za vidonge ndani ya nyumba hazichukui nafasi.

WATOTO

Mama zangu, mtoto chini ya miezi sita hapewi maji kabisa, sio ya bomba, sio ya chupa, sio hata kijiko kwa sababu joto la Mtwara limezidi. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji, mnyonyeshe mara nyingi zaidi siku za joto. Kwa wale wanaotumia maziwa ya kopo kwa sababu za kiafya, maji hata yakiwa ya chupa yachemshe, changanya yakiwa bado ya moto sana, nyuzi joto zisipungue 70, ukiyachemsha usiyaache yakae zaidi ya nusu saa, halafu poza chupa ndio umpe. Unga wa maziwa nao unaweza kuwa na vijidudu vyake, moto wa maji ndio unaoviua.

Na mtu akishaharisha, usianze kutafuta maji gani yamemletea. Mpe ORS, ile paketi ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, papo hapo. Kama paketi haipo, lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi, koroga, mpe kidogo kidogo kila anapoharisha na mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Akiharisha maji maji kama ya mchele, macho yakiingia ndani, mkojo ukikata, au mtoto akilegea hawezi hata kunywa, hiyo ni bodaboda mpaka kituo cha afya muda huo huo, ORS iendelee njiani.